Barabara Ikifa, Mzigo Unarudi Mgongoni: Historia ya Motokari Katika Kivu

Siku watu wanapohama kwenye barabara ya Sake, vyombo hupita kwa mpangilio ambao wakaaji wanaujua vizuri. Hutangulia jipu za wakubwa na za mashirika, vioo vimepandishwa. Hufuata Fuso, imejaa magunia na watu wameketi juu ya magunia. Kisha motari aliyempakia mama, watoto wawili na godoro moja. Kisha kinga na chukudu, zinazosukumwa kwenye mlima na kupandwa kwenye mteremko. Nyuma kabisa wanakuja walio wengi kuliko wote: watu wa miguu, mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso.

Mara nyingi mpangilio huo huelezwa kwa neno moja, utajiri. Mwenye feza hupanda, asiye nazo hutembea. Hilo ni kweli, lakini lina historia nyuma yake. Kila chombo kati ya hivyo kiliingia Kivu kwa wakati wake na kwa sababu yake, na hakuna hata kimoja kilichoondoa kabisa kile kilichotangulia. Motokari ililetwa kwa ahadi ya kumpumzisha mpagazi. Ilimpumzisha kweli mahali barabara ilipokuwa hai. Lakini kila mara barabara ilipokufa, kwa mvua, kwa uzembe ao kwa vita, mpagazi alirudi.

Wakati mtu alikuwa ndiye gari

Gurudumu lilichelewa kufika katikati ya Afrika, na sababu haikuwa ujinga wa watu. Katika mabonde ya Kongo na Maniema, mbung'o huua ng'ombe na farasi, kwa hiyo hapakuwa na mnyama wa kuvuta mkokoteni. Katika milima ya Kivu ng'ombe walikuwako, lakini njia zilikuwa nyembamba, za kupanda na kushuka. Mzigo wote ulipita juu ya kichwa ao mgongo wa mtu.

Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilitoka upande wa Zanzibar, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe. Mpagazi alibeba karibu kilo 30, siku nyingi mfululizo. Wengine walilipwa. Wengine walikuwa watumwa, wakibeba pembe za ndovu kuelekea soko ambako wao pia wangeuzwa. Kiswahili chenyewe kilifika Maniema kwa njia hiyo, kwa miguu, kwenye vinywa vya watu wenye mizigo.

Upande wa magharibi wa nchi, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka wa 1880, karibu na maporomoko ya mto Kongo, Henry Morton Stanley, aliyetumwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alisimamia kuvunjwa kwa mawe ili njia ya kupitisha mizigo ipatikane. Watu wa huko wakamwita Bula Matari, maana yake mvunja mawe. Baadaye jina hilo likawa jina la serikali nzima ya kikoloni. Kwa hiyo Leta, machoni pa raia wa kwanza walioijua, ilikuwa ni mtu anayelazimisha wengine kutengeneza njia.

Vita vya kwanza vya dunia vilionyesha gharama ya kukosa gurudumu. Mwaka wa 1916 jeshi la koloni, Force Publique, lilishambulia Wajerumani kutoka upande wa Kivu na Rusizi, likapita Rwanda na Burundi, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Bunduki, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, chakula na dawa, karibu vyote vilibebwa na watu. Wapagazi wa vita ile upande wa Kongo wanakadiriwa kufika 260,000. Walichukuliwa vijijini wakati wa kulima, na wengi hawakurudi, kwa sababu ya njaa, baridi ya milima na magonjwa.

Baada ya vita, wakubwa wa koloni waliona hesabu iliyo wazi. Kamiyo ya tani tatu hubeba mzigo wa wapagazi mia moja wenye kilo 30 kila mmoja, tena haihitaji kulazimisha vijiji kutoa vijana kila msimu. Ila kamiyo inahitaji barabara, na barabara inahitaji mikono.

Barabara ya Leta

Miaka ya 1920 na 1930 ndiyo miaka ambayo njia kubwa za Kivu zilichimbwa. Mwaka wa 1925 iliundwa Park Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka wa 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi wa kizungu. Mashamba ya kahawa, kinkina na chai yalihitaji kupeleka mavuno bandarini, na watalii walihitaji kuona wanyama na volkano. Ndiyo maana barabara ikapanda kutoka Goma kwenda Rutshuru, ikapita ndani ya park, ikazunguka mteremko mkali wa Kabasha mpaka Kanyabayonga na Lubero. Upande wa kusini, barabara ikateremka kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa kupita Ngomo, mahali ambapo mpaka leo shoferi mzoefu huzima redio ili asikie vizuri gari linalokuja kwenye kona.

Kazi ilifanywa na vijiji. Sheria za ukoloni ziliruhusu kila mwanaume alazimishwe kufanya kazi za Leta na mashamba ya lazima siku 60 kwa mwaka. Mwaka wa 1942, wakati wa vita vya pili vya dunia, siku hizo zilipandishwa mpaka 120. Mwami ao shefu wa kijiji alitakiwa kutoa watu, na asipotoa, aliadhibiwa yeye. Jembe, sururu na kikapu cha udongo ndivyo vilikuwa mashine.

Barabara ikishamalizika, ililindwa na kantonye. Huyu alikuwa mtu wa kijiji aliyepewa kipande chake cha barabara. Alifyeka majani, akafungua mifereji, akaziba mashimo kabla hayajawa makubwa. Kulikuwa pia na bariyeri za mvua: mti uliolazwa katikati ya njia baada ya mvua kubwa, ili makamiyo yasubiri saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Kwanza, basi, neno bariyeri lilikuwa na maana ya kulinda barabara.

Wakati huo waliochimba barabara hawakuwa wenye motokari. Motokari zilikuwa za Leta, za makampuni, za misioni na za walowezi. Hata kusafiri mbali na kijiji kuliomba ruhusa ya mkubwa wa serikali. Raia aliijua motokari kwa kuisikia ikija, kwa vumbi lake, na kwa siku alizoitwa kutengeneza mahali ingepita.

Shoferi, mtu aliyetazamwa

Hata hivyo, motokari ilihitaji mtu wa kuiendesha, na mzungu hakuweza kuendesha zote. Ndipo ikazaliwa kazi ya shoferi, na chini yake ile ya boyi-shoferi: kijana aliyekaa nyuma juu ya mzigo, akarukia chini kuweka kigingi chini ya pine kwenye mlima, akachota maji ya kupoza mashine, akaosha gari usiku. Hakusoma shule ya ufundi. Alijifunza kwa kutazama mikono ya mkubwa wake. Baada ya miaka kadhaa, siku moja alipewa usukani kwenye sehemu tambarare.

Shoferi alikuwa mmoja wa watu wachache wa kijiji wenye mshahara, viatu na habari za mbali. Alijua bei ya chumvi Bukavu na bei ya maharagi Rutshuru siku hiyo hiyo. Alipeleka barua, dawa na salamu. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wafanyabiashara wa kiafrika walianza kununua kamiyo zao wenyewe, mara nyingi zilizokwisha kutumika, na wengine kati yao walikuwa wameanza kama boyi-shoferi.

Utaratibu huo haujafa. Konvoyeri wa leo kwenye Fuso ya Butembo ao ya Walikale anajifunza kwa njia ile ile: kigingi kwanza, usukani baadaye.

Usukani uko upande gani?

Ubelgiji ilileta Kongo desturi ya kwake, kuendesha mkono wa kuume wa barabara. Rwanda na Burundi, ambazo Ubelgiji ilizitawala baada ya Wajerumani, zinafanya vile vile. Waingereza upande wa Uganda, Kenya na Tanzania walileta mkono wa kushoto. Kwa hiyo pale Bunagana na Kasindi gari likivuka mpaka linahama upande wa njia. Ajali na kelele za watu wa mpakani zina mzizi huo wa zamani, uliopandwa Bruxelles na London.

Lakini shida kubwa ilikuja baadaye, na magari ya okazyo. Japani inaendesha mkono wa kushoto, usukani wa gari zake uko kuume. Motokari za bei nafuu zinazoshuka Mombasa na Dar es Salaam, nyingi zinatoka huko. Mtu wa Goma ao Beni mwenye dola chache hununua Toyota iliyotengenezwa kwa barabara za Tokyo, na kuiendesha mahali ambapo usukani ungepaswa kuwa upande mwingine.

Matokeo yake yanaonekana kila siku. Shoferi wa usukani wa kuume, kwenye njia ya mkono wa kuume, ameketi karibu na mtaro. Akitaka kupita kamiyo iliyo mbele yake, haoni kinachokuja mpaka gari lake liwe limetoka karibu lote. Ndiyo maana utasikia abiria wa mbele upande wa kushoto akiambiwa, "Angalia, njia iko wazi?" Uhai wa watu kumi na wanne katika Hiace unategemea jicho la mtu asiye na perimi. Tena mlango wa kuteleza wa Hiace ya Japani uko upande wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara huko kwao. Kwetu mlango huo unafunguka katikati ya barabara. Mtoto anayeshuka hapo anashuka mbele ya moto.

Rwanda ilikataza kuingizwa kwa magari ya namna hiyo mwaka wa 2005. Kongo nayo imetangaza makatazo, lakini mtu anayenunua gari hununua kile mfuko wake unaweza. Kwa hiyo jambo lililo karibu zaidi ni lile ambalo shirika la mashoferi na wazazi wanaweza kulifanya wenyewe: konvoyeri ashuke kwanza, asimame upande wa barabara, ndipo abiria washuke.

Miaka ya Zaire

Uhuru wa mwaka wa 1960 ulikuta Kongo ikiwa na mtandao mkubwa wa barabara za udongo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mapigano. Mwaka wa 1964 waasi wa Simba waliingia Uvira, kisha Stanleyville, ambayo ni Kisangani ya leo. Mwaka wa 1967 askari wa kukodiwa walishika Bukavu kwa miezi. Madaraja yalivunjwa, vivuko vilizama, kantonye wakakosa mshahara.

Mwaka wa 1971 serikali ya Mobutu iliunda Office des Routes ili kurudisha barabara, na kwa miaka michache kazi ilionekana. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba na makamiyo ya wageni yakapewa wenye nchi, na mara nyingi wenye nchi hao walikuwa watu wa karibu na utawala. Wengi waliuza kilichokuwa ndani bila kununua kingine. Bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka ya 1970, dola zikakosekana, na pamoja nazo vipuri, esansi na mazutu. Gari lililoharibika chujio liliegeshwa. Lililoegeshwa lilikatwa vipande ili lingine litembee. Raia wakaitwa kwenye salongo kutengeneza njia kwa mikono, kama babu zao.

Ni katika miaka hiyo ndipo chukudu ilionekana kwenye barabara za Goma. Mtu aliyeiangalia kama mchezo wa watoto hakuelewa hesabu yake. Ni mbao ngumu, mara nyingi ya mkalitusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovalishwa mpira wa pine ya zamani, na usukani. Haina mashine ya kuharibika, haihitaji esansi. Kibumba iko juu, Goma iko chini, kwa hiyo viazi, kabichi na makala hushuka vyenyewe. Mwenyewe hupiga goti juu ya mbao na kuongoza. Hubeba mamia ya kilo kwa safari moja. Kurudi mlimani ndiyo kazi, lakini anarudi mtupu. Leo katikati ya mji wa Goma kuna sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu. Ni chombo kilichobuniwa hapa, na kilizaliwa kwa sababu motokari ilikosekana.

Upande wa Butembo, jibu lilikuwa tofauti. Wafanyabiashara wa huko, walio mbali na Kinshasa na karibu na mpaka wa Uganda, walinunua makamiyo yao, wakachanga feza zao na kutengeneza barabara ambazo Leta ilikuwa imeziacha. Walijua kwamba kamiyo mpya kwenye barabara iliyokufa ni chuma cha kuuza kwa kilo.

Vita na maana mpya ya bariyeri

Tangu mwaka wa 1994 Kivu imeishi katika vita vinavyokwisha na kuanza tena. Kwa motokari, vita vilileta mambo matatu.

La kwanza ni kuchukuliwa. Kila jeshi na kila kundi lililopita lilihitaji magari. Wenye Landcruiser na Fuso walizoea kuficha betri, kutoa pine, ao kuvusha gari mpaka wa nchi usiku mmoja kabla. Wengine walikosa chombo chao mchana, wakapewa karatasi isiyolipwa ao hawakupewa chochote.

La pili ni kufa kwa njia. Barabara ya Bukavu kwenda Kisangani, ambayo sehemu yake upande wa Walikale ililamiwa, ilifungwa na msitu na mapigano. Kipande cha lami karibu na Kilambo kikageuzwa uwanja wa ndege: ndege ndogo zilitua juu ya barabara kuchukua kasiteriti ya Bisie na kuipeleka Goma. Na kutoka mgodi wa Bisie mpaka barabarani, zaidi ya kilomita 40 za msitu, madini yalibebwa na nani? Na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 50. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba 30. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita, simu za dunia nzima zilihitaji madini hayo, na mzigo ulikuwa umeongezeka.

La tatu ni bariyeri. Mti uliolazwa njiani ulibaki, lakini sasa haukungoja udongo ukauke. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017 na watafiti wa taasisi IPIS ya Ubelgiji ulihesabu bariyeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, za askari wa serikali, za makundi yenye silaha na za wakusanya kodi wa kila namna. Mama anayebeba makala mgongoni analipa. Motari analipa. Fuso inalipa, na feza ile inarudi kwenye bei ya chumvi na sabuni sokoni. Kwa hiyo hata asiyewahi kupanda motokari hulipa bariyeri kila anapokula.

Volkano nayo iliongeza yake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya Goma, na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi kwa miguu kuelekea Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ikalipuka tena, na siku tano baadaye, serikali ilipoamuru mitaa kumi ihame, barabara ya Sake ilijaa magari, moto na watu wa miguu kwa pamoja, kilomita zipatazo 25. Siku hiyo mwenye jipu na mwenye chukudu walisimama kwenye mstari mmoja usiosogea. Na wengi waliofika kwanza ni waliotembea.

Barabara ikifungwa, watu hujaribu maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakafa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangojea. Kabla mapigano hayajafunga barabara kwenye Sake, wengi walikuwa wakifanya safari ile kwa gari. Familia zilizopoteza watu wao siku ile ziliwapoteza kwa sababu ya mashua iliyojazwa kupita kiasi, na pia kwa sababu ya barabara iliyokuwa imekatwa.

Motari na swali la "ni ya nani?"

Kati ya vyombo vyote, moto ndiyo iliyobadilisha Kivu kwa haraka zaidi. Kabla ya mwaka wa 2000 moto ilikuwa ya padri, ya mganga ao ya mwalimu mkubwa. Kisha zikaja moto za bei nafuu kutoka Uchina na India, TVS, Boxer na nyinginezo. Moto hupita mahali kamiyo inakwama, huvuka daraja la miti miwili, hufika kijiji ambacho hakijaona gari tangu Zaire. Inapeleka mama mjamzito hospitali na kurudisha gunia la unga. Vijana waliotoka shuleni bila kazi, na wengine waliotoka katika makundi yenye silaha, walipata hapo mkate.

Lakini moto nyingi si za wanaoziendesha. Motari hulipa versema kwa mwenye moto, kila siku ao kila juma, na kinachobaki ndicho chake, baada ya esansi aliyonunua kwa kadafi kando ya njia, na baada ya polisi wa barabarani, wale raia wanaowaita rulaji. Wengine hufanya mkataba: baada ya miezi kadhaa ya kulipa bila kukosa, moto inakuwa yake. Ndiyo njia ambayo vijana wengi wamepata mali yao ya kwanza maishani.

Hapa ndipo vita huumiza kwa namna isiyoonekana. Motari aliyekwisha kulipa miezi tisa kati ya kumi na miwili anakimbia kijiji. Moto inachukuliwa, ao inaachwa nyumbani, na mkataba ulikuwa wa mdomo tu. Mwenye moto anadai moto yake, kijana anadai feza yake, na hakuna karatasi. Vile vile kwa magari: mengi yamepita mikono mitatu ao minne bila jina kubadilishwa kwenye karte roze. Mwenye gari wa kweli hana jina lake mahali popote. Amani ikirudi na gari likaonekana katika mji mwingine, atasema nini?

Katika kambi na katika familia zilizopokea wageni, wazee wa madai hayo wamejifunza mambo machache yanayosaidia. Mkataba wa versema uandikwe hata kwenye daftari la shule, kwa majina, tarehe, kiasi kilicholipwa, na saini za mashahidi wawili. Namba ya shasi iandikwe mahali tofauti na moto yenyewe. Kwenye moto nyingi imechongwa kwenye shingo ya usukani, na rangi mpya ao plaki mpya haiifuti. Picha ya namba hiyo, ya karte roze na ya karatasi ya douane itumwe kwenye simu ya ndugu aliye mahali pengine. Simu ya mtu anayekimbia inaweza kupotea, ile ya shangazi aliye Kampala ao Bujumbura itabaki. Karatasi hizo hazizuii mtu kunyang'anywa. Zinamwezesha kudai.

Kinachoua barabara

Kwenye karatasi, Kongo ina kilomita 58,129 za barabara za taifa na za majimbo, na nyingine 86,871 za vijijini. Zilizo na lami ni chache sana. Mwaka wa 2008 iliundwa FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaolishwa na kodi kwenye esansi na mazutu na malipo ya péage. Kwa hiyo kila motari anapojaza tanki lake pampuni, anakuwa amelipa kwa ajili ya shimo atakalolikuta mbele.

Mashoferi wa zamani watakuambia kwamba barabara ya udongo haiuliwi na kamiyo peke yake. Inauliwa na maji. Mfereji ukiziba, maji hupita katikati ya njia. Kamiyo ya kwanza huchimba mstari, ya pili huufanya kuwa shimo, ya kumi inakwama siku tatu, na nyuma yake magari ishirini. Kutoka hapo bei ya usafiri hupanda mara mbili, kisha wenye magari huacha njia hiyo, kisha moto, na mwisho hubaki kamba kwenye paji la uso la mama. Shimo lililoanza safari hiyo lingezibwa asubuhi moja na watu wawili.

Kantonye alikuwa mtu wa ukoloni, na kazi yake ilikuwa na uchungu wa kulazimishwa. Hakuna anayeomba fimbo irudi. Lakini kipande cha barabara chenye mtu anayekijua, anayelipwa kila mwezi kwa kufungua mfereji, kilipunguza mizigo migongoni kuliko Landcruiser zote zilizowahi kuingia Kivu. Jembe na mshahara wake ni bei ndogo kuliko pine za Fuso moja. Familia zitakaporudi Masisi, Rutshuru na Kalehe, swali la kwanza kwa Leta, kwa mashirika na kwa kila kikao cha kijiji ni hili: kutoka hapa mpaka sokoni, ni nani anafungua mifereji, na anaendelea kulipwa na nani?